Safu ya Saba

Kazi yangu ni msasa.
Namba themanini kwanza, halafu mia na ishirini,
halafu kitambaa chenye maji.
Siwatu hataki ubao ung'ae.
"Ukijiona uso humo," anasema, "ujue umeuharibu."

Tuko ghorofa ya pili, Mtaa wa Sikukuu,
juu ya duka la vitasa na bawaba.
Vumbi la Kariakoo linapanda na ngazi bila hodi,
linatua kwenye rangi mbichi, naye halifuti.
"Liache. Nalo linalipa kodi humu."

Wateja wanapenda twiga.
Wanapenda Mmasai mwembamba na jua la duara mgongoni.
Siwatu anachora matundu:
yale matofali ya urembo, jani ndani ya mraba,
yaliyopitisha upepo kwenye baraza ya baba yake, Magomeni.
Tofali, tundu, tofali, tundu,
safu juu ya safu, bila mtu, bila mti,
mpaka jicho lichoke kuhesabu
ndipo lianze kuona.

Mimi nilidhani saruji ni ya kijivu.
Weka kijani cha chupa chini, kikauke siku mbili.
Paka waridi hafifu. Kwangua kwa vocha iliyokwisha.
Kisha chokaa, kisha chai ya rangi
kwa brashi ya kunyolea ndevu.
Sasa pitisha kiganja. Polepole.
Hapa masika yamechuruzika.
Hapa kuna bega la mtu aliyezoea kuegemea
akingoja kufunguliwa.

Siku ya maonyesho, kule Oysterbay,
alikuja bwana mmoja, miwani inaning'inia shingoni.
Akasogea, akarudi nyuma, akahesabu kwa kidole,
akaninong'oneza
kama anayekwambia zipu yako iko wazi:
"Safu ya saba, tofali la nne,
jani lipo kichwa chini."

Nikamwendea Siwatu. Alikuwa na sambusa mdomoni.
"Mwambie fundi Mbwelwa ndiye aliyelijenga hivyo,
mimi nikiwa darasa la pili.
Baba aliliona jioni, saruji imeshashika.
Wakanuniana wiki nzima.
Mama akasema liacheni,
upepo haujui juu wala chini."

Hilo ndilo alilolisema.
Hakusema kuhusu neno BOMOA,
jekundu, limechuruzika hadi sakafuni;
wala usiku alioshinda pale na kurunzi,
karatasi ukutani, kipande cha mkaa mkononi,
akisugua tundu baada ya tundu
wapita njia wakimwonea huruma.
Alfajiri tingatinga likaingia.
La chuma, si la rangi.

Karatasi zile zipo chini ya godoro lake.
Mashuka hayatakati.
Nyekundu ile hajawahi kuichora.
Nilimwuliza, akaniuliza: "Ule nao ni urembo?"

Juzi, kwa mara ya kwanza, akanipa brashi.
"Shika safu ya saba. Mimi naenda kununua chokaa."
Nikachora la kwanza, la pili, la tatu.
Kwenye la nne mkono ulikuwa umenyooka, unajiamini,
na jani likasimama wima, zuri,
kama yale mengine.

Aliporudi alilitazama kwa muda mrefu.
Hakunigombeza.
Aliweka chokaa chini, akavua pete,
akachukua msasa wangu.