Shubiri

Kila Desemba hunijia fomu kutoka makao makuu,
karatasi moja, visanduku kumi na viwili,
na agizo lile lile: andika mafanikio ya idara, kwa ufupi.
Mimi ndiye karani. Kalamu ni yangu, ufupi ni wao.

Hapa Castro mvua haipigi hodi.
Inatwanga bati tangu Jumanne,
na ndoo ya ukumbini imejaa mara mbili.
Chururu si ndondondo, lakini paa letu lina vyote.
Mwanafunzi mmoja ameandika ubavuni mwa ndoo:
Sayansi ya Mazingira, somo la kwanza.

Kisanduku cha kwanza: vyeo.
Edelmira Oyarzo amekuwa profesa kamili
baada ya miaka kumi na tisa na barua nne za "tunasikitika."
Ya tano ilipofika hakupiga vigelegele.
Aliisoma wima, akaikunja, akaichomeka kwenye buti la mpira,
akaenda kupima kina cha maji, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi.
Barua ilirudi uji. Nimeomba nakala.

Cha tatu: ruzuku. Tumepata.
Nusu itanunua mashine,
nusu itaziba paa linaloinyeshea mashine.

Cha tano: wanafunzi.
Nibaldo Chiguay alichomeka vipimajoto arubaini kinamasini.
Ng'ombe wa jirani alitafuna sita, mafuriko yakachukua vilivyobaki.
Nilimkuta ngazini, kichwa magotini,
nikamwekea mkate wa viazi bila neno.
Kesho yake alianza upya, kimoja, viwili.
Sasa ana medali.
Ng'ombe hakutajwa kwenye hotuba.

Na Rayén.
Rayén Huenchumán. Hapo kalamu iligoma.

Baba yake hukata kuvumwani,
huianika, huishindilia magunia, huiuza kwa kilo;
huvuka bahari ikalale chini ya maua ya watu
ambao hawajawahi kulowa goti.
Ada yake ilitoka humo, gunia baada ya gunia.
Naye akaenda kupiga magoti pale pale, baridi tatu mfululizo,
na rula ya shule ya msingi,
akipima kitu kinachokua polepole kuliko ukucha.

Ukurasa wa sitini na moja unasema:
akataye hadi kwenye mboji amekata mara moja;
aachaye shubiri atarudi.

Siku ya kutetea tasnifu mzee alikuja,
koti moja alilonalo, kofia juu ya goti, safu ya mwisho.
Watahini walipouliza kama kuna swali
aliinua mkono kama mtoto wa darasa la pili.
"Shubiri ya nani? Yangu au yako?"

Ukumbi ukacheka. Rayén hakucheka.
Alishuka jukwaani, akapanua kiganja chake
juu ya kiganja cha baba yake, gumba kwa gumba.
Kidole chake kidogo kiliishia njiani.
Tukasikia ndoo, tone kwa tone.
Akarudi ubaoni, akafuta namba,
akaandika ya baba.

Mwezi uliopita profesa alipita kwenye shamba lao.
Alisema kuvumwani imebaki imesimama, shubiri kamili,
hadi kwenye uzio, na ng'ambo ya uzio,
kwa jirani ambaye hajasoma ukurasa wowote.

Nimetafuta kisanduku chake.
Jarida gani? Toleo la ngapi? Kurasa zipi?
Nimepanua mkono wangu juu ya nafasi iliyobaki:
haitoshi gumba.

Nimeandika: tasnifu moja, daraja la kwanza.
Nimepiga mhuri.
Kisha nikaenda kumwaga ndoo.