Kitenzi Kimoja, Kilmarnock

Mlangoni mwa jengo mtu ameandika kwa chaki:
mind the step.
Yaani angalia ngazi.
Na kuangalia, kwetu, ni kutunza pia:
niangalizie mtoto, nafika dukani mara moja.
Hapo lugha mbili zinapeana mkono,
kisha kila moja inashika njia yake.

Maana Una Gilfillan, fundi viatu,
akishafunga duka saa kumi na moja jioni,
nta ingali kwenye kucha,
huwaambia watu anakwenda ku-mind mama yake,
orofa ya tatu, taa ya ngazini imekufa.

Mama ni Netta.
Alifuma mazulia kiwandani miaka thelathini na minne.
Vidole vyake bado vinahesabu nyuzi juu ya blanketi
ingawa jina la mumewe limemtoka.

Sasa, huku Uskoti neno lile lile ni kukumbuka.
Unamkumbuka Dougie Pirrie,
yule aliyetumbukia mtoni na keki ya harusi?
Una hamkumbuki. Hakuwa amezaliwa.
Anaitikia ndiyo,
wanamcheka Dougie mpaka chai inamwagika.

Kusini kwao, neno hili limevaa tai:
utachukia nikifungua dirisha?
Na jibu la adabu ni hapana,
ambayo maana yake ni ndiyo, fungua.
Vijana wetu wao walichukua ule upande wa ndimu tu:
kamaindi huyo, muache.

Likiwa jina, si kitenzi, ni akili,
ambayo kwa Netta inafumuka kuanzia pembeni
kama zulia lililokosa pindo.

Jumanne. Mvua. Beseni la maji ya moto.
Una kapiga magoti, anamkata mama kucha za miguu,
ngumu kama soli za buti,
na simu ya dada yake aliyeko Kanada imelia, imekatika.
Netta akainama, akamgusa utosi, akauliza
kwa neno lile, bila kulimalizia:
Do you mind?

Mkasi ukasimama.
Unakumbuka?
Au: inakuuma, kazi hii?
La kwanza linataka ndiyo,
la pili linataka hapana,
na uso wa mama haukutoa msaada wowote.

Kidogo, akasema Una.
Mama akatikisa kichwa, ameridhika,
kwa swali alilolijua mwenyewe,
akasogeza mguu wa pili.