Chai Iliyomiminwa Kabla Sijaketi

Alhamisi ile Mama Ndekirwa aliniona nikiwa bado ng'ambo ya barabara,
akamimina.
Nilipofika kikombe kilikuwa kinafuka, chapati imekunjwa mara mbili,
mpini wa kikombe umegeuzwa kushoto
kwa kuwa anajua mkono ninaotumia.
"Nakujua, Aikande," akasema, akacheka.
Na ni kweli ananijua. Hilo ndilo lililonichoma.

Miaka ishirini na miwili nimepiga mhuri ofisi ya maji.
IMELIPWA. IMELIPWA. IMELIPWA.
Natoka Majengo saa moja kasoro kumi,
nafunga kitasa, natembea hatua tisa,
narudi kuhakikisha nimefunga kitasa.
Kwenye mnara wa saa napinda kushoto.
Hata viatu vyangu vimelika upande mmoja;
fundi Mariki anayevishona huniuliza,
"Dada, huko kulia ulikosana na nani?"

Nisieleweke vibaya: sikuletwa hapa kwa kamba.
Nina miaka kumi na tisa ilikuja barua ya chuo cha uuguzi,
na wiki hiyohiyo mama akaanguka kwenye migomba,
upande mmoja wa mwili ukamkatalia.
Nilichagua. Hakuna aliyenichagulia.
Nilimgeuza kitandani miaka sita, nikamjua kila mfupa,
akafa akiniita kwa jina langu la utotoni.
Barua ipo sandukuni, chini ya kanga ya msiba.
Siku nyingine naitoa, naisoma,
naikunja tena palepale ilipokunjika.
Siihurumii. Nayo hainihurumii.

Ila mtu akishachagua mara moja
hudhani ameshalipa,
ana mhuri wake, hadaiwi tena.

Jumamosi nilishuka Mbuyuni, kwenye mitumba,
nikayapita mashuka, nikayapita masufuria yaliyozibwa viraka,
nikanunua baiskeli.
Swala, wekundu wake umepauka, kengele imekwama,
laki na kumi
baada ya kununa na kujifanya naondoka mara mbili.
"Ya mtoto?" muuzaji akauliza.
"Ya mtoto," nikasema.
Mtoto wa Ndeshiwa. Ana miaka hamsini na mmoja.

Kaka zangu walipanda zamani,
mimi nilitembea kando nikishikilia mzigo usianguke.
Sasa ni Jumapili, uwanja wa shule, Pasua,
Tumsifu, mjukuu wa jirani, darasa la tano,
anashika kiti kwa nyuma, ananifokea kama mwalimu wa zamu:
"Bibi, usitazame tairi! Tazama unakokwenda!"
Nikaanguka mara saba.
Goti likachubuka. Gauni likaingia kwenye mnyororo,
pindo likawa si pindo tena.
Wanawake waliotoka kwaya walisimama kwenye uzio.
Mmoja akasema, "Uzee umempanda kichwani."
Mwingine, nilimsikia, akauliza bei.
Mlima ulikuwa umejifunika mawingu,
yeye angalau hakuona.

Mara ya nane sikusikia pumzi ya Tumsifu mgongoni.
Kumbe ameachia.
Nilipiga kelele, sijui kelele gani,
nyumba yangu haijawahi kuisikia.
Upepo ukajaa mikono ya gauni.
Mita thelathini labda,
kisha goli, nguzo ya goli,
na sikuwa nimeuliza breki iko wapi.

Leo Jumatatu nimechelewa.
Mama Ndekirwa ananiona, ameshainua birika.
Namwambia, subiri.
Birika linaning'inia hewani.
"Una nini wewe leo?"
Sijui, namwambia. Ngoja kwanza.
Nimesimama na goti linalowaka,
nyuma yangu watu wanaguna, wana kazi zao,
nami natazama sufuria ya uji wa ulezi
kana kwamba sijawahi kuona uji.