Jina la Mnyama (Kama Lipo)

Kitangari, mwezi wa nane, mikorosho inapukutisha maua.
Nimetumwa na kishikwambi cha chuo
kuuliza binadamu anaishije na mnyama:
maswali arobaini na mawili, kaya sitini,
soda moja kwa kila atakayejibu.

Bi Sikujua Chihipu anapukuchua mbaazi.
Hainui kichwa. Uliza, anasema, kazi iko mikononi, si masikioni.

Mbuzi? Hana.
Kuku? Sita, saba akirudi yule mtoro.
Mbwa? Mmoja.
Jina la mnyama (kama lipo)?

Hapo akacheka hadi ungo ukamwagika.
"Lipo ni wa jirani, mwanangu.
Wangu anaitwa Waseme."

Nikafuta. Nikaandika upya. Akanihurumia, akaeleza:
mwaka ule korosho za mpakani zilipotea,
Somoe Nandule akalitembeza jina lake foleni nzima ya maji,
kisha akaleta mtoto wa mbwa, akamwita Lipo,
nusu ya methali; ile nyingine kila mtu ajijazie.
Yeye naye akafunga safari hadi Nanyamba
kutafuta mbwa wa kujibu.
Tangu hapo, jioni, ua kwa ua:
Lipo! Waseme! Lipo!
na mbwa wawili wasioijua kesi
wanakutana chini ya mkorosho uleule, wananusana.

Swali la kumi na tisa. Mnyama huyu ni mwanafamilia:
nakubali kabisa, nakubali, sina hakika,
sikubali, sikubali kabisa.

"Ndani haingii. Sahani yake kigae cha mtungi.
Akinigusa na pua ile ya majimaji
najiosha mara saba, moja kwa udongo,
na ndoo hapa kwetu shilingi mia tano.
Lakini akichelewa kutoka shambani, silali.
Bonyeza unapotaka."

Sikubonyeza.

Akaja kwenye usiku wa nguruwe.
Walivamia mihogo, kundi zima;
mbwa wote wawili wakaingia gizani kwa mbweko mmoja,
akatoka mmoja.
Lipo alikutwa kwenye tuta, ubavu wazi.
Sindano ya Sikujua, uzi wa buluu wa sare za shule.
Tochi aliishika Somoe.
Miaka sita hawajapeana hata hodi,
wakaongea na mbwa.

"Tulia, Lipo, mwambie mwenye tochi asitetemeke."

"Tulia, baba, mwambie fundi asivute,
hashoni gunia."

Kisha mikono. Damu, mate, manyoya.
Sikujua akachota udongo,
Somoe akainua kata,
na maji yakaanza kuhesabiwa,
moja,
mbili,
sauti mbili zikipishana kama watu mlangoni,
hadi saba.
"Ndiyo mazungumzo yetu hayo. Hatujaongeza."

Kishikwambi kilikataa kusonga mbele.
Mengineyo: herufi zisizozidi hamsini.
Nikaandika: Walihesabu pamoja hadi saba.
Soda akaificha kwenye pindo la kanga, ya mjukuu.

Ua wa pili. Somoe anaanika makopa.
Mbwa? Mmoja. Jina? Lipo.
Aliwahi kuumia? Hajawahi.
Mbwa mwenyewe kalala miguuni pangu,
uzi haujatoka bado, buluu ubavuni
kama mstari wa daftari.
Niliogopa kuuangalia.

Nafunga mkoba ndipo akauliza,
akigeuza kopa lililokwisha kukauka:
"Amekwambia tulifika saba?
Alirudia tano.
Nilisikia, nikamwagia tu.
Maji yalikuwa yangu."