Chupa ya Rafu ya Juu

Newala miaka ile maji tulinunua kwa ndoo,
na mimi, mtunza maabara, nikakabidhiwa ufunguo
wa kitu pekee mjini kisichotaka hata tone.

Sodiamu hukatika kama sabuni ya mche.
Kisu kikipita, uso wake ni sarafu mpya;
hesabu hadi kumi, umeshapauka
kama wa mtu aliyepokea simu ya msiba.
Ndiyo maana inalala ndani ya mafuta ya taa,
juu, mbali na bomba,
bomba lenyewe likikohoa upepo tu.

Kidato cha tatu nawaonyesha kipande,
hakizidi punje ya choroko.
Miwani. Koleo. Kioo kati yetu na beseni.
Haishikwi kwa vidole: vidole vina jasho,
na jasho nalo ni maji.
Punje inajiviringa shanga, inakimbia, inafoka,
inajila mpaka haipo,
na maji, kwa tone la kiashiria, yanabaki waridi.
"Kipande kikubwa!" anapaza Likapa.
Kila mwaka Likapa yupo, hubadilisha jina tu.
Namjibu: nduguye, potasiamu,
hangoji umalize salamu,
anawaka zambarau.

Desemba, wingu la kwanza,
nikapanda ngazi kuhesabu chupa.
Mafuta yamebaki kina cha kidole.
Madonge yametokeza migongo,
yamevaa ukoko mweupe,
na juu yake bati lina tundu nililolijua tangu likizo.

Nantanga, mlinzi wa usiku!
Wiki nzima chemli yake imewaka vizuri,
nami nilimsifu.

Sikupiga kelele.
Nikashusha chupa kwa mikono miwili,
nikaongeza mafuta hadi migongo ikazama,
nikavuta karibu ndoo ya mchanga mkavu;
moto huu, ukiuzima kwa maji, unaulisha.

Ndipo mvua ikapiga bati.
Mji mzima ukatoka na masufuria, mapipa, madishi,
watoto uchi, vigelegele mpaka sokoni.
Mimi nimejibanza kona ya stoo,
nimeikumbatia chupa kama kichanga mwenye homa,
nasikiliza tone likidondoka pale ilipokuwa,
tone, halafu tone.

Nantanga akachungulia, taa mkononi, analia kwa furaha.
"Mvua hiyo, bwana! Mbona hutoki?"

"Peleka taa mbali," nikamwambia.
"Mbali zaidi.
Kesho nitakununulia lita yako."