Kaskazini Hakohoi

Mjukuu wangu Shaibu kaniwekea briji kwenye kompyuta,
akasema: Bibi, sasa huhitaji watu.
Akapanda basi lake kurudi Moshi,
akaniacha hapa Chumbageni na mwenza
asiye na jina, ana upande tu:
Kaskazini.

Jana usiku Kaskazini alifungua mnada,
bila turufu moja.
Mimi nina uru sita, nyembamba,
dagaa wa kumtosha paka.
Nikasema uru mbili. Maana yake uru. Mbili.
Maana yake tukae hapa, baba, tusivuke barabara.
Yeye: kopa mbili.
Kopa? Nani kataja kopa?
Nina kopa moja tu, ya tatu, haina hata ndugu.
Nikasema uru tatu, kwa sauti, mpaka jirani akafungua dirisha.
Yeye: kopa nne.
Tukaanguka raundi nne,
karata zangu zimelazwa wazi mezani
kama nguo za ndani kwenye kamba ya mbele.
Akaandika kwa Kiingereza chake cha adabu:
Asante, mwenzangu.

Shaibu kwenye simu ananielimisha:
kitabuni mwao uru si uru, Bibi,
hapo ukitaja uru unaomba kopa.
Ala!
Miaka thelathini na moja nimeandika hesabu za mkonge,
robota ni robota, tani ni tani,
sijaona daftari ambamo uru huzaa kopa.
Ingawa, nikiwa mkweli,
huku kwetu pia mtu husema karibu tule
na mkono umeshika kifuniko cha sufuria,
nawe unajua, unajibu nimeshiba,
na hakuna aliyesema uongo.
Lakini hayo tumefundishana tangu utoto.
Huyu tumefundishana lini?

Mhina Semboja, mwenzangu wa Jumatano,
hakuhitaji kitabu.
Karani wa reli, kofia imepauka kwa jua la stesheni,
alikaa mkabala nami pale juu ya duka la baiskeli,
na nikisema shupaza moja, alikohoa.
Kikohozi kifupi: pita taratibu.
Kirefu, chenye mkwaruzo: panda.
Na akigusa kofia
hata ree zilijua zilale kwa nani.
Daktari Ferouz na mkewe walitushuku miaka kumi na miwili.
Walituletea mpaka dawa ya kifua.

Sikudanganya, wallahi. Wala sikuuliza.
Nilidhani nina kipaji cha mnada.
Nilikuwa na sikio.

Leo nikasema shupaza moja. Kaskazini akaruka
mpaka shupaza sita,
kama kijana anayeparamia ukuta wa Mkwakwani bila tiketi.
Nikahesabu. Kumi.
Nikahesabu tena, na vidole vya miguu. Kumi.
Nikamtukana kwa Kidigo, ambacho najua hakuwekewa.
Nikacheza kwa hasira, karata juu ya karata,
bibi wa kopa akawa kakaa upande niliomwombea,
raundi ya kumi na mbili ikaingia.
Sikufurahi.
Kushinda kwa amri ya mjinga kunauma
kuliko kuangushwa na mwerevu.
Au si mjinga. Hilo ndilo linaloniwasha.

Mhina yuko Muheza kwa binti yake, hasikii vizuri.
Nilimpigia kumweleza ile sita.
Akanyamaza. Kisha akakohoa,
kirefu,
na sikujua kama ni kifua au ni shauri.

Karata mpya zimegawanywa. Zamu yangu.
Kaskazini anangoja, kimshale kinapepesa,
hachoki, hagusi kofia.
Nina uru sita tena.
Nakohoa kwanza, kujaribu.