Chuma

Makonyo haya niliyakusanya Mgagadu, jamvini,
karafuu zilipokwisha kwenda zao mizanini.
Vikonyo tu. Kiwandani huvinunua kwa bei ya huruma.

Nikavifungia ndani ya mkebe wa maziwa,
nikavitia tanuri kwa saa tatu.
Vikatoka vyeusi, vyepesi, bado vyanukia kidogo
kama nguo ya mtu aliyehama.

Kisha chuma.
Chumvi yake, rangi ya kutu, na amonia
tone kwa tone, Raya akihesabu kwa sauti
feni ikiwa imezimika.

Neno hilo kwetu lina mizigo miwili:
Faki Shaame alikuwa akichuma
tawi lilipomkatalia.
Miezi saba, kidonda hakifungi.
Dawa ya kwanza, ya pili, ile ya sindano ya ghali,
vijidudu vyake vinazinywa kama uji.

Unga wetu ni mdogo. Usiniulize vipi.
Twaa unywele, upasue mara elfu kumi,
halafu tafuta pa kushika.
Lakini weka sumaku ubavuni mwa gilasi
(niliing'oa kwenye spika ya redio mbovu)
uone weusi wote unavyohamia upande mmoja,
maji yakabaki maangavu, kama hayajaguswa.
Raya alicheka. Mimi nilishika meza.

Visahani vya kwanza: hapana.
Vya pili viliharibika, umeme haukurudi hadi alfajiri.
Vya tatu:
agari iliyopikwa kwa mwani wa bahari za watu,
juu yake usaha wa Faki, umepakwa kwa pamba,
na katikati kijikaratasi kilicholowa weusi wetu.

Asubuhi nikafunua.
Utando kila mahali, mzito kama mtindi,
ila pale kati, uwazi.
Ua lililofagiwa.
Nikaweka rula. Milimita kumi na nne.
Makaa matupu, yasiyo chuma: sifuri.
Nikapima tena. Kumi na tatu na nusu.
Nikaandika kumi na tatu na nusu.

Alasiri Faki akaja na gongo lake.
"Nasikia mumeipata."
Kisahani si mguu, nikamwambia. Hakina damu, hakina ini.
Bado panya, bado makaratasi, bado miaka.

Akalitazama lile duara kwa muda
kama mtu achunguliaye tundu la ufunguo.
"Na hayo makonyo, ya msimu gani?"
Wa mwaka jana.
"Basi yamkini niliyachuma mie."